Mtumbwi wa Plastiki Chini ya Paa Langu

Jumapili, 17 Machi

Apolinary, wewe ni mjinga, na ujinga wako ni wa kujitakia. Nakuandika humu kwenye daftari kwa sababu ukiambiwa kwa mdomo unatikisa kichwa kama mbuzi aliyenyeshewa, halafu unakwenda kufanya lilelile. Mimi Placidia niliishia darasa la tatu huko kwetu Kanoni, lakini kuandika najua. Siku ukikana nitafungua ukurasa huu nikusomee mbele ya mkeo.

Nimetoka kanisani nikakuta kitu kimelala chini ya paa la jiko langu. Chekundu, kirefu kama jeneza la mtu mfupi, kimechongoka huku na huku, na katikati kina tundu.

"Nini hiki?"

"Kayaki, mama."

"Nimeuliza ni nini, sikuuliza kinaitwaje."

"Mtumbwi. Wa plastiki. Umetoka Uganda, kule wazungu wanakochezea maji."

Mtumbwi gani unaingia mtu mmoja tu, tena miguu imenyooka mbele kama maiti? Abiria anakaa wapi? Mkungu wa ndizi unakaa wapi? Ananiambia haubebi ndizi wala haubebi abiria. Ameununua ili auuze. Kuna watu wanautafuta, anasema, watalipa mara mbili. Nikamuuliza yeye amelipa nini. Akaondoka kwenda kuikagua pikipiki yake, ambayo haikuwa na shida yoyote.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Bado hajasema amelipa nini.

Jumatano, 20 Machi

Mkewe Uwiduhaye anajua. Nimemwona akipita karibu na kile kitu, akageuza uso kama mtu anayepita mbele ya mdai. Miaka minne yuko nyumba hii, sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Mtu asiyepandisha sauti ana kitu amekikalia.

Ijumaa, 22 Machi

Leo nimejua, na afadhali ningebaki sijui.

Nilipanda kwenye kahawa ya juu kuangalia kama mvua imekata matawi. Nikasikia mtu anapita kati ya mibuni, anagonga kila shina kwa fimbo. Ni Winston, yule mchuuzi wa Murongo anayevusha magodoro na sabuni. Amevaa buti mpya.

"Shikamoo, Ma Placidia."

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Hapana mama, naangalia tu."

"Kahawa ya mtu haiangaliwi kwa fimbo. Unahesabu nini?"

Akacheka. Ana meno mazuri, ndiyo yanayomlisha. "Mama, kamuulize mwanao," akasema, akaendelea kugonga. Mbele yangu! Miti aliyoipanda marehemu mume wangu Byarugaba kwa mkono wake, nikiwa namchotea maji mimi, na mimba ya huyohuyo Apolinary tumboni.

Nilishuka mbio mpaka nikasahau ndala moja kwenye tope. Nikamkuta Apolinary anakula. Nikaiondoa sahani.

"Umeuza butura?"

Akatazama pale sahani ilipokuwa.

"Apolinary, umeuza kahawa ya baba yako ikiwa bado mbichi mtini?"

"Ya juu tu, mama. Ya chini ipo."

Ya juu tu! Ya juu ndiyo inayozaa. Ya chini ni ya kunywa na kugawia wageni. Hiyo ya juu ndiyo chumvi yetu, ndiyo bati lililo juu ya kichwa chake, ndiyo dawa zangu za presha kila mwezi. Ametoa mavuno yote ya mwaka huu akapewa kile kitu chekundu na kafi moja yenye bapa pande mbili, kama mwiko wa mtu asiyejua anapikia chungu kipi.

Nikamwambia nakwenda kwa mtendaji. Akasema, "Nenda, mama. Butura imekatazwa. Tutafungwa wote, mimi na Winston." Ndivyo wanavyofunga mdomo wa mtu.

Makubaliano yao ni haya, nimemfanya ayarudie mara tatu: Apolinary akileta fedha kabla punje ya kwanza haijawa nyekundu, Winston anaiacha kahawa. Punje ikiwa nyekundu kabla ya fedha, Winston analeta watu wake wanachuma yote. Basi mimi sasa ni wa kuombea kahawa yangu isiive. Nani amewahi kusikia ombi kama hilo?

Ijumaa Kuu, 29 Machi

Mvua tangu alfajiri. Kahawa ya kijani. Kitu kiko palepale.

Pasaka, 31 Machi

Wamekuja wawili kutoka Kiruruma kukiangalia. Mmoja aliuliza kama kinaweza kukatwa katikati kiwe vihori viwili vya nguruwe. Apolinary alikasirika. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu, halafu nikakumbuka kihori hicho kimenunuliwa kwa kitu gani, kicheko kikaisha.

Alhamisi, 4 Aprili

Leo nimefanya ambalo Apolinary alipaswa kulifanya kabla ya kutoa kahawa. Marehemu baba yake alipokwenda kununua mtumbwi wa kukamulia ndizi za pombe, ule wa gogo, hakumuuliza muuzaji kama unavuja. Muuzaji wa kitu kinachovuja atakujibu nini? Alikuwa anatandaza majivu makavu chini, anauinua mtumbwi juu ya magogo mawili, anaujaza maji asubuhi, jioni anasoma majivu. Majivu hayana ndugu.

Nikamwambia Uwiduhaye tuchote maji. Tumechota ndoo mpaka kiuno kikaniuma, tukamimina kwenye lile tundu. Apolinary alirudi na abiria akatukuta.

"Mama, hiyo si pipa la pombe!"

"Nyamaza. Chombo ni chombo."

Saa kumi jioni nikainama. Majivu yamelowa mstari mwembamba, mrefu kama kiganja. Tukamwaga maji, tukakipindua. Tumboni kilikuwa na kibandiko cha mamba anayecheka. Nikakibandua kwa ukucha. Chini yake ufa! Umepakwa gundi na kusuguliwa mpaka usiuone. Mamba alikuwa anatucheka sisi.

Apolinary akapanda pikipiki kwenda kwa Winston. Akarudi kabla chai haijapoa. "Anasema nilinunua kwa macho yangu." Na kweli alinunua kwa macho yake. Majivu hayakuwapo.

Jumamosi, 6 Aprili

Apolinary amekata kipande cha dumu jekundu, amekiyeyusha kwa kisu cha moto, amekipaka juu ya ufa kama fundi wa mabeseni anavyofanya sokoni. Nimesimama juu yake nikimwelekeza, kwa sababu angeachwa peke yake angeyeyusha na vidole. Kikapoa, akakisugua kwa msasa. Nikatandaza majivu mapya, tukajaza tena. Jioni majivu makavu. Hata tone.

Nikasema, sasa tuuze.

Hapo Uwiduhaye akafungua mdomo. Sauti ileile ya chini. "Mama, mnunuzi akija tumwambie kwamba kilipasuka."

"Winston alituambia sisi?"

"Hakutuambia, mama. Ndiyo maana tuko hivi."

"Wewe umekuja juzi hapa. Kahawa ile hujapanda hata mche mmoja. Ikienda, wewe unarudi kwenu ng'ambo ya mto, mimi narudi wapi?"

Akaenda kumenya ndizi, na alimenya kwa nguvu. Nimewaza: huyu anataka kisiuzwe. Kwa nini? Labda Winston amemwahidi kitu. Nitamchunga.

Kiraka kilikuwa kinang'aa kuliko sehemu nyingine. Mtu mwenye macho angekiona. Nilikuwa na kibandiko kikubwa cha jubilei ya parokia, cha Bikira Maria, nimekitunza ndani ya sanduku tangu mwaka juzi. Nikakileta. Nimekibandika mwenyewe, nikakikandamiza kwa kiganja mpaka pembe zote zikashika. Nikajiambia ni kwa ajili ya baraka.

Jumanne, 9 Aprili

Jua. Silitaki.

Jumapili, 14 Aprili

Punje za chini kwenye mti wa kwanza zimeanza kupauka. Padri amehubiri habari za subira. Nilimtazama vibaya.

Alhamisi, 18 Aprili

Winston amepita barabarani mara mbili leo. Mara ya pili hakujificha, alisimama akatazama juu ya kilima akiwa amejishika kiuno, kama mwenye shamba. Nilimpigia kelele nikiwa uani: "Barabara ni ya serikali, lakini macho yako yarudishe kwako!" Akanipungia mkono.

Jumamosi, 20 Aprili

Mtu amepiga simu. Mwanamke. Anakuja Jumanne. Apolinary anaruka kama ndama. Nimemwambia mwanamke anayenunua mtumbwi nina mashaka naye. Huenda ametumwa na Winston kutupima.

Jumanne, 23 Aprili

Amekuja. Anaitwa Edith, mzaliwa wa Muleba, Mlutheri, hajafika miaka thelathini. Amevaa suruali na nywele amezinyoa. Nilimkagua kuanzia viatu. Lakini alipiga goti, akasema shikamoo vizuri, akala ndizi zangu na maharage bila kuchagua, akamshukuru aliyepika kwa jina lake. Nikazidi kumshuku. Mnunuzi mwenye adabu nyingi anatafuta bei ndogo.

Anasema alijifunza kule Uganda miezi minane, sasa amepanga chumba Murongo. Kuna wageni watakuja, yeye atawaongoza mtoni. Vyombo vya wageni wanakuja navyo, lakini yeye hana cha kwake, na asiye na chombo hawezi kuwa kiongozi wa mtu. Amekusanya fedha mwaka mzima.

"Utavukia wapi?" nikamuuliza.

"Sivuki, Bibi. Nashuka na mto. Pale maji yanapoporomoka."

"Pale hakuna anayevukia."

"Ndiyo maana napapenda," akasema akicheka. Nikajua ni maneno ya vijana. Mwenye akili anatafuta pale mto unapolala.

Kisha akaanza kazi. Huyu si Apolinary. Aliingia akakaa, akasukuma kwa miguu, akatikisa kiti. Akauliza iko wapi sketi yake. Nikamwambia mtumbwi hauvai sketi, hata wewe hukuvaa. Alicheka mpaka akatoa machozi, akanieleza kwamba ni kitambaa cha kufunika tundu mtu akiwa ndani, maji yasiingie. Anacho tayari. Akakipindua. Akagonga kwa kifundo cha kidole, sikio lake likiwa karibu, kutoka mbele kuja nyuma. Akafika kwenye kibandiko. Mkono wake ukasimama juu ya Mama Maria.

"Nani aliyeweka hii?"

"Mimi."

"Basi imebarikiwa." Akagonga. Sikio lake lilisikia kitu, niliona. Akamtazama Apolinary. "Kaka, imewahi kupasuka?"

Apolinary akatazama pikipiki.

Akanigeukia mimi. "Bibi, kijana wa boda akiniambia neno nalipunguza nusu. Wewe ukiniambia nalichukua lote. Iko salama?"

Uwiduhaye alikuwa amesimama mlangoni na sahani mikononi. Alinitazama tu.

Nikasema, "Nimeijaza maji kutwa nzima juu ya majivu makavu. Halikudondoka hata tone."

Na ni kweli. Halikudondoka. Kila neno nililosema ni la kweli.

Edith akatoa fedha. Tumekifunga juu ya gari la mizigo, kimekwenda. Anasema safari ya kwanza ni Jumamosi ya tarehe kumi na moja Mei, wageni wakishafika. Alinishika mikono miwili akaniambia nikitaka nije nitazame.

Jumatano, 24 Aprili

Winston amelipwa mbele yangu. Alikuwa na sura ya mtu aliyelamba limau. Nimemwambia fimbo yake akagongee mlango wa mama yake.

Alhamisi, 2 Mei

Kahawa nyekundu kwenye miti saba. Sasa iive inavyotaka. Nimelala vizuri.

Jumatatu, 6 Mei

Sikulala vizuri. Presha.

Uwiduhaye haniulizi lolote. Nilimwambia: "Una neno? Sema." Akasema hana neno. Nikamwambia mtu asiye na neno asinitazame hivyo. Akasema, "Mama, sijakutazama." Na kweli alikuwa anatazama maharage.

Ijumaa, 10 Mei

Nitaandika yote, ingawa mkono unachoka.

Leo tulishuka mtoni, mimi na Uwiduhaye, kukata mafunjo ya mikeka ya kuanikia kahawa. Mto umejaa, maji rangi ya chai ya maziwa. Tukakata pale mabondeni palipotulia. Mafunjo ya hapo mabovu, tukaendelea kushuka, tukatokea kwenye mawe. Sijafika pale tangu niolewe. Hatuna shughuli pale. Hakuna njia, hakuna kivuko, watoto wanakatazwa.

Mgomba mzima ulikuja na maji, umeng'olewa na mizizi yake, labda umetoka Rwanda. Huko juu, kabla ya mawe, ulikuwa unaelea taratibu kama mzee anakwenda misani. Ulipofika kwenye mawe maji yakauinua, yakaupiga kwenye mwamba. Nikasikia mlio. Ukapinduka, ukazama, ukatokea, ukapigwa tena. Chini ya mawe yale zilitoka nyuzi tu.

Nikamuuliza Uwiduhaye, "Hapa ndipo yule binti anaposema?"

"Ndipo, mama."

"Alikuwa anatania."

Akatoa simu yake mfukoni, akaifuta kwa kanga, akanionyesha. Edith alimtumia picha zinazotembea, tangu wiki ile. Kumbe wanazungumza. Mtu amekaa ndani ya kitu kama kile, amefungwa kile kitambaa kiunoni, na anakwenda mahali kama pale, makusudi. Anapigwa kwenye mwamba. Anapinduliwa kichwa chini ndani ya maji, mtumbwi juu tumbo wazi, na bado amefungiwa humo, halafu anajigeuza anatoka akicheka. Na mwamba unapiga wapi? Tumboni. Palepale. Nilitazama mara nne.

Mimi nilipima kwa majivu. Maji yaliyotulia ndani, majivu yaliyotulia chini. Hivyo ndivyo unavyopima chombo cha kulaza pombe siku mbili uani. Nimeishi juu ya mto huu miaka hamsini na mbili na haikuniingia akilini kwamba mtu anaweza kununua mtumbwi ili akapigwe nao. Na kipande cha dumu hakikuwekwa kwa mwamba. Na mimi nilijua kuna ufa. Kama sikujua mwamba, ufa niliujua.

Nilikaa chini kwenye tope. Uwiduhaye akaniinua.

"Kwa nini hukumwambia siku ile, wewe ulikuwa mlangoni?"

"Nilikuwa nasubiri useme wewe, mama. Kwenu mkubwa akisema, mimi nitamkanusha mbele ya mgeni?"

"Na baadaye? Mnaandikiana!"

"Nilimwandikia jana. Nimeshindwa kuficha. Ujumbe haujafika. Ameshakwenda kulala na wageni wake huko ukingoni, mtandao hakuna."

Mwezi mzima nilikuwa namchunga huyu mwanamke nikidhani anamfanyia kazi Winston. Nilimchunga asiyestahili kuchungwa. Nilipaswa kukaa mbele ya kioo nijichunge mwenyewe.

Tumepiga simu njia nzima ya kurudi. Haipatikani. Apolinary alikuwa amepeleka abiria Kayanga, amerudi giza limeshaingia, barabara ya bonde imejaa maji haipitiki usiku. Hakuna aliyekula.

Jumamosi, 11 Mei, alfajiri

Apolinary, weka hicho kikombe chini. Haya ninayokuambia nayaandika pia, usije ukayapunguza njiani.

Mchukue Uwiduhaye nyuma ya pikipiki. Si mimi. Mimi nitakuchelewesha, na wewe ukifika peke yako utaanza kutafuta maneno mazuri. Yeye aseme. Wewe kazi yako ni kuendesha na kunyamaza.

Mkimkuta bado yuko nchi kavu, Uwiduhaye amwambie: ufa uko chini ya picha, ulizibwa kwa dumu, na aliyeibandika picha ni Placidia, na aliulizwa, na hakusema. Aibandue mwenyewe aone. Asiambiwe kwamba hatukujua.

Fedha zake tulishampa Winston, haya, lakini kahawa iko juu kilimani na ni nyekundu. Naingia kuichuma sasa hivi. Gunia kwa gunia itakwenda kwenye chama cha ushirika, na kitakachotoka ni cha Edith mpaka atosheke. Tukila chumvi ya kukopa mwaka huu, tutaila. Dawa zangu tutaona.

Mkikuta ameshaingia majini, msisimame kuuliza watu. Kimbieni ukingoni, chini ya mawe, pande zote mbili kama kuna mtu upande wa pili, na mpige kelele mpaka koo zikauke, mumtoe.

Kofia ya pikipiki mpe mkeo. Washa. Nendeni.